Sheria ya Kushusha Nafasi Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa ukumbi, ufagio, ndoo na kopo la gundi. Vingine nilivielewa. Gundi ilinibidi niulizie.

"Hiyo ni ya Jumamosi," akasema Bwana Msimamizi, mkuu wa ukumbi wetu wa jamii pale Makongeni. "Subiri, utajua."

Siku za wiki ukumbi ule ulikuwa wa darasa la cherehani, mikutano ya akina mama na mazoezi ya kwaya. Jumamosi saa nane mchana watu wa mtaa walileta nyimbo. Sisemi waliimba, maana wengi wetu sauti zetu zingefukuza kunguru. Walileta kaseti. Wiki moja kabla, mada ilitangazwa, tuseme wimbo wa safari au wimbo wa kumsifu shemeji, na kila mshiriki akatafuta wimbo mmoja wa lugha yoyote ile, akaurekodi ili wenzake wausikie. Kisha nyimbo zilipangwa, wa kwanza hadi wa mwisho. Zawadi haikuwapo. Mshindi alitajwa jina, akaitwa mbele kuketi kando ya mwamuzi, na wimbo wake ukarudiwa wote wakisikiliza. Basi. Kwa ajili ya kiti hicho watu wazima walinuniana wiki nzima.

Kazi yangu ya ukarani ilikuwa kufunika. Kaseti zikishawekwa kapuni, nilibandika karatasi juu ya jina la mwenyewe na kuandika namba, ili anayesikiliza asijue ni ya nani. Halafu nilirudisha utepe kwa kalamu mpaka mwanzo wa wimbo. Kwa kuwa karani alikuwa ameyaona majina, hakupiga kura.

Aliyenifundisha kusikiliza ni Bwana Mwamuzi, mzee aliyestaafu kutoka ofisi ya simu ya reli. Yeye angesikia kaseti moja tu akakwambia betri za redio zimechoka. "Nafula, usitazame watu, tazama ukuta," alikuwa akiniambia. "Wimbo ukiisha, hesabu mpaka kumi ndipo uandike. Ukiandika mara moja, umeandika miguu yako." Wengine wote waliandika karatasi moja moja, lakini ya mwamuzi ilihesabiwa mara tatu, na kura zikilingana ni yeye aliyepiga kura ya turufu. Kwa hiyo alikuwa na sheria yake mwenyewe. "Ukimtambua mwenye wimbo, mshushe nafasi moja. Moyo wako umeshampandisha bila wewe kujua."

Niliiona ni sheria ya busara sana. Nilikuwa mdogo.

Masikio ya mzee yalipoanza kumsaliti, Bwana Msimamizi alinipa kiti chake na akamtafuta karani mwingine. Minong'ono haikukosa. Msichana wa Bungoma anajua nini kuhusu magita ya huku? Ngoja muone atakavyowapendelea watu wa kwao. Nami nina kiburi changu, sikifichi. Niliapa kwamba hakuna atakayepata neno la kunisema.

Kati ya washiriki alikuwamo Njoroge, fundi wa viatu vya akala Kariokor. Hakuwa na redio nyingine ila ile ya kibandani kwake, hivyo alirekodi pale pale huku majirani zake wakigonga mipira ya magari kuikata iwe akala. Nyuma ya kila wimbo wake kulikuwa na nyundo. Karatasi ilifunika jina lake, lakini nyundo hazikufunikika. Nikisikia ko, ko, ko, najua ni yeye.

"Karani, leo nimekuletea," alikuwa akisema mlangoni. Hata nilipopandishwa cheo aliendelea kuniita karani.

"Hujaniletea mimi. Weka kwa kapu kama wengine."

Alicheka, akaweka. Nilimpenda. Ninayasema haya kwa sababu sasa sina wa kumwogopa. Wiki nzima nilingoja zile nyundo, na kila Jumamosi nilitamani yeye ndiye aje akae kwenye kile kiti kando yangu, tusikilize wimbo wake pamoja. Na kila Jumamosi nilizisikia, nikamtambua, nikamshusha nafasi moja. Kama alikuwa wa kwanza, nilimwandika wa pili. Kama alikuwa wa pili, nilimwandika wa tatu. Kadiri nilivyomjua ndivyo alivyoshindwa.

Kisha ikaja Jumamosi ya mada ya wimbo wa kumngoja mtu. Njoroge alileta wimbo wa Kikamba, gita peke yake kwa muda mrefu, halafu sauti ya mwanamke ikaingia taratibu, kama mtu anayepangusa miguu mlangoni kabla ya kuingia. Sikuelewa hata neno moja. Ukumbi ulinyamaza, hata wale wazee wa benchi la nyuma waliokuwa na kawaida ya kukohoa.

Kura zilipohesabiwa, wimbo huo ulikuwa sawasawa na wa mwalimu wa kwaya.

"Kura ya turufu ni yako," akasema Bwana Msimamizi.

Nilitazama ukuta, nikahesabu kumi, nikataja namba ya mwalimu wa kwaya. Akaja, akaketi kando yangu, na wimbo wake ukarudiwa. Ulikuwa wimbo mzuri, sina ubaya nao. Njoroge alipiga makofi kama watu wengine. Baadaye alichukua kaseti yake kapuni, akabandua karatasi aliyoibandika karani wangu, akaitia mfukoni.

"Masikio yako ni ngumu, Karani."

"Sheria ni sheria."

"Sawa," akasema. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala zilizofuata.

Mimi niliendelea. Nilihamishwa kumbi mbili tatu za Eastlands, kila pahali na msimamizi wake na vituko vyake. Kaseti zilikwisha, zikaja sidii, sidii nazo zikapita. Niliolewa na mtu mwema ambaye sasa ni marehemu. Nilistaafu, nikahamia Tassia kwa binti yangu, ghorofa ya nne.

Shindano bado lipo, ila liko ndani ya simu. Vijana wa jumba letu wana kundi, wanatumiana nyimbo, majina yanafichwa, kura zinapigwa kwa kidole gumba. Wamenifanya mwamuzi wao. "Shosh, panga ngoma," wananiandikia, yaani nyanya, panga nyimbo, nami nazipanga. Wananifurahisha. Lakini kila mtu anasikiliza chumbani kwake, na mimi ninakumbuka watu arobaini wakishusha pumzi kwa pamoja wimbo unapoisha. Hamu hiyo hainiachi.

Mwezi uliopita nilikwenda Kariokor kununua viatu. Njoroge alikuwa katika kibanda kile kile, miwani imefungwa kwa kamba.

"Karani," akasema, kana kwamba tuliachana jana.

Nilimweleza sheria yote, nimesimama tu, kabla hajanipa kigoda. Akaweka kisu chini.

"Kwa hivyo ulikuwa unajua ni mimi?"

"Kila mara."

"Na ile ya kungoja mtu?"

"Ilikuwa ya kwanza, Njoroge. Hakuna nyingine iliyoikaribia."

"Mimi nilidhani hauzipendi," akasema. "Wiki mzima nilikuwa nafikiria tu, huyu dada atapenda gani? Halafu namba mbili. Halafu namba tatu. Nikasema, huyu na mimi hatusikii kitu moja. Nikaacha kukusumbua."

Mkewe alikuja na chakula cha mchana, tukasalimiana vizuri. Ni mama mcheshi. Njoroge alinipima mguu, akanikatia akala, nikazivaa, nikarudi nyumbani.

Vijana wakiniuliza kazi hii inafanywaje, ninawafundisha karibu yote niliyofundishwa. Sheria moja tu nimeifuta. Jumamosi iliyopita Achieng wa ghorofa ya pili alinisimamisha kwenye ngazi, simu mkononi.

"Shosh, na kama najua hii ngoma ni ya mtu wangu, na ni kali?"

"Mpe namba moja."

"Si watasema nampendelea?"

"Watasema mpaka Jumatatu, wachoke. Yeye hiyo namba mbili yako ataibeba maisha yake yote."