Usiniletee Vituko

Nikisikia harufu ya nta nyekundu ya sakafu, hata leo, huondoka chumbani. Ni harufu ya Jumamosi zetu kule Mountain View, zamu yetu ya kupokea jumuiya ya kanisa kwa sala ilipofika: mimi nimepiga magoti nasugua sebule, mama anatandaza juu ya kila kochi vitambaa alivyovishona kwa mkono wake.

Mama aliogopa vituko kuliko wezi. Kucheka kwa sauti kanisani, vituko. Kuomba chumvi kwa jirani, vituko. Nilidhani ni jina la kitu chochote ambacho jirani angeweza kukiona, na sikuwa mbali na ukweli.

Jumamosi moja, akina mama wa jumuiya wakiwa wameshaanza rozari, Anti Njoki, mdogo wake mama, aliingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa ametoka kwake Ngara, jicho moja limevimba hadi likafumba, mdomo umepasuka.

"Dada, huyu bwana yangu ataniua."

"Njoki, leo? Na jumuiya iko kwa nyumba? Usiniletee vituko hapa!"

Akamfunga leso kichwani mpaka kwenye nyusi, akamkalisha kwenye kigoda akate vitunguu. Mama alikuwa na akili: anayekata vitunguu haulizwi mbona analia. Nilipopeleka chai, mwenyekiti wa jumuiya aliniuliza ni nani anayelia jikoni. "Ni vitunguu tu," nikajibu, na mama akanitazama kwa fahari. Nilifurahi mno. Furaha hiyo sijaweza kujisamehe.

Wageni walipotoka, mama alimpaka anti poda, akamsindikiza stejini apande matatu arudi kwa mumewe kabla watu hawajaanza kuuliza.

Mwezi haukuisha. Tulimkuta hospitalini, kule Upper Hill, hatambui mtu. Mume alisema ameanguka kwenye ngazi, na sisi sote tukaitikia. Siku mbili mama alimsugua miguu akimsihi aamke, arudi nyumbani, apige kelele atakavyo. Hakuamka.

Mazishini mume alikalishwa kiti cha mbele, akaletewa supu. Nilingoja mama amwambie lile neno lake la vituko. Nilikuwa na miaka tisa, nikadhani majonzi yamemsahaulisha. Ukubwani ndipo nilipoelewa: neno lile halikuwahi kuwa la anayepiga. Lilikuwa la anayelia hadi watu wakasikia.