Sentensi ya Kiarabu Iliyokatwa na Kompaila

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi Mkuu alinikalisha mbele ya kompyuta, ofisini kwetu Arua, kaskazini mwa Uganda, akasema, "Weye iko mutu ya kompaila. Ikikula chakula mbaya, tumbo itauma weye." Nikacheka. Siku hizo nilikuwa bado na nguvu za kucheka.

Ninyi vijana mnaandika programu bila hata kuiwaza kompaila. Ndiyo inayosoma mlichoandika na kukigeuza kuwa amri za mashine. Yetu tuliitengeneza wenyewe kwa kazi moja tu: lebo za dawa za zahanati, kwa Kilugbara, Kikakwa, Kiswahili na Kiarabu. Sentensi za lebo zilikaa ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo kompaila ikisoma vibaya, lebo nayo inatoka vibaya.

Baadaye nikahamishiwa Koboko, chini ya Msimamizi wa Tawi, mtoto wa askari, aliyetaka kila kazi iishe kabla umeme haujakatika. Mwalimu wa madrasa alikuja akatuchapia sentensi za Kiarabu, akaenda zake. Ofisini hapakuwa na aliyejua kuzisoma. Kukagua lebo, kwetu, kulikuwa kutazama kama mstari umenyooka na wino umekolea. Niliona mistari ya Kiarabu ni mifupi mno, nikaomba mwalimu aitwe asome lebo iliyochapwa.

"Kiarabu iko lugha ya fupi," akasema Msimamizi. "Gari ya Omugo inangoja. Peleka."

Gari likaenda.

Huko Omugo, kwenye makazi ya wakimbizi, Mama Keji, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyesomea Khartoum, alipewa dawa ya homa ya mwanawe. Siku chache baadaye mtoto alilazwa, ini limeumia kwa kuzidishiwa dawa. Wauguzi wakamgombeza mama: lebo ipo, kwa nini hakusoma? Baba yake mtoto naye akaapa kwamba mwanawe akitoka hospitali ataishi kwa bibi yake mzaa baba, Koboko. Mimi nilitumwa Omugo kuona kama printa yetu imeharibu lebo. Nilimkuta mama kando ya kitanda, chupa mkononi, nikamwomba anisomee.

"Kijiko moja kama mwili iko moto," akasoma, kidole kikifuata herufi.

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Imeisha."

Lebo ya Kiswahili iliendelea: isizidi mara tatu kwa siku. Nikarudi Koboko, nikaifungua kompaila.

Printa ilikuwa nzima. Herufi kama a au b hukaa kwenye baiti moja, yaani kijumba kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta. Ya Kiarabu huhitaji mbili. Kompaila yetu ilihesabu baiti ikidhani inahesabu herufi, ikaona nafasi ya lebo imejaa katikati ya sentensi, ikatupa maneno yaliyobaki bila onyo lolote. Dawa yake ni kuyageuza maandishi kwanza kuwa herufi pana, kila herufi ipewe nafasi ya upana uleule, ndipo uhesabu. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Lebo mbovu tulizibandua zote. Mtoto akapona polepole, akachukuliwa na baba yake. Nilimwomba Mkurugenzi, kule Arua, tuwaeleze watu sababu. "Tumeshatengeneza," akasema. "Weye nataka nini tena?" Nikarudi kwenye kiti changu. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hunyamaza upesi.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Awindiri, Arua, na macho yangu mabovu. Mnaniambia kompaila za leo zinajua herufi za dunia nzima. Vizuri. Hata hivyo, mtafuteni mtu wa lugha ile, asome mlichochapa kabla gari halijaondoka.

Wiki ya kwanza ya kustaafu, nikiwa sina tena bosi wa kumwomba ruhusa, nilikwenda Omugo. Nikamwambia Mama Keji, "Ulisoma kila neno tuliloandika. Sisi ndio tuliokata mengine."

Alinitazama mpaka nikaona haya. "Mimi nilisema hivyo," akasema. "Watu yote nasema mimi mujinga." Akatoa simu, akampigia baba wa mtoto, akaniwekea sikioni. "Sema kwa yeye."

Nikasema yote tangu mwanzo. Halafu nikamsikia baba akimwita mwanawe: "Kuja. Ongea na mama yako."