Uso wa Mama wa Kijani

Leo fundi anapaka rangi milango ya kanisa, na harufu ya rangi hiyo imenirudisha Ugogoni, enzi za Wajerumani, nilipokuwa msichana mdogo. Mzungu mmoja mchoraji alimwomba mama akae mbele ya nyumba yetu ya tembe amchore. Wiki ile tulikuwa tumemzika kaka yangu, na mama hakuwa amelia hata kidogo.

Mzungu alipotuonyesha picha, nilishtuka. Uso ulikuwa wa kijani, mdomo umepinda, macho mekundu kama makaa.

“Mama, wewe si hivyo!” nikasema.

Baba akanyoosha mkono aichane. Mama akamzuia.

“Iache, baba watoto. Huyu ameniona.”

Kisha akaanza kulia. Sikujua nimkumbatie mama au nimkimbie.