Gadi Kasimiri Apewa Injini

Kasimiri Lugembe alikuwa gadi wa treni, mwenye filimbi na kibendera cha kumruhusu dereva aondoke, na tangu ujana wake aliitazama Reli ya Kati kutoka behewa la mwisho. Madereva walimtania kwamba yeye ni mzigo usiolipiwa nauli. Alicheka nao, lakini utani ule ulimchoma. Aliamini kabisa kwamba raha yote ya reli iko mbele, kwenye injini, na kwamba yeye amepunjwa.

Bahati ikamjia kupitia mchezo. Wafanyakazi wa reli pale Tabora walikuwa na klabu yao katika ghala la zamani, na humo, juu ya meza ndefu, mafundi walikuwa wametandaza reli ndogo kutoka Tura hadi Tabora. Nyahua, Goweko, Igalula, hakuna stesheni iliyosahauliwa. Injini za bati zilijazwa kwa ufunguo, kama saa. Ole wako useme ni mchezo wa watoto! Kila Jumapili baada ya misa treni zilipangiwa saa zake, mastesheni masta wakapigiana kengele, na hakuna dereva aliyethubutu kuondoka bila kijiti cha ruhusa mkononi. Treni ya mizigo ilisubiri Goweko mpaka ya abiria ipite, na watu wazima na ndevu zao walinuniana wiki nzima kwa sababu ya kuchelewa.

Kila mtu alicheza kazi yake ileile. Kasimiri akabembeleza, akabembeleza, mpaka Limbu, dereva mwenye maneno kuliko wote, akakubali wabadilishane kwa siku moja: Limbu awe gadi, Kasimiri aendeshe treni ya abiria. Kasimiri akamleta mkewe, Apolinaria, aje ashuhudie. Mama wa watu akavaa khanga mpya kabisa.

Pale Tura Kasimiri akapokea kijiti. Kisha, bila kujijua, miguu ikampeleka mkiani mwa treni. Akamnyang'anya Limbu kibendera cha kijani, akakiinua, akapuliza filimbi, akasubiri. Treni haikutikisika. Akapuliza tena, akakunja uso, akafoka kuelekea injini, "Wewe dereva, umelala?"

Ghala zima likaangua kicheko. Apolinaria alijishika mbavu.

"Baba Flavia," akasema akifuta machozi, "dereva si ndiye wewe!"

Kasimiri aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, lakini hakukata tamaa. Akarudi mbele, akashika breki, na Limbu akainua kibendera. Sheria ya klabu ilikuwa kali: dereva hageuki nyuma. Kasimiri akaachia breki, akatembea kando ya meza, macho mbele, akapita Nyahua, akapita Goweko, akaingia Tabora kwa wakati wake bila kosa. Watu wakampigia makofi.

"Haya, mzee," Limbu akauliza, "raha ya mbele umeionaje?"

Kasimiri akaweka kijiti mezani.

"Mbele kuna reli tupu, bwana. Treni yenyewe sikuiona. Mimi kule nyuma, ikikata kona, naiona yote, behewa kwa behewa, mpaka moshi wake." Akanyoosha mkono. "Lete kibendera changu. Kumbe miaka yote hii nimekalia kiti kizuri kuliko chenu, na nyie mkinionea huruma!"