Aliponiuliza Daktari Mbele ya Mama Mkwe

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Nimeketi kwenye benchi la hospitali ya misheni, upande wa Shinyanga. Mke wangu Kabula kalala kitandani, macho yamekuwa manjano kama kiini cha yai, na kulia kwangu kakaa mama yake mzazi. Daktari ananiuliza maswali, nami namjibu uongo.

Tena si uongo mkubwa, maana ule mkubwa mtu huuogopa. Nilisema ule mdogo, wa neno moja moja, ambao ukishautoa unajiona hujafanya kitu. Huo ndio ulioniharibia maisha.

Ngoja nikueleze tulikotoka. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa kijana wa bucha kwenye kambi ya wachimba dhahabu, huko Geita. Kuchinja alichinja mzee mmoja Mwislamu, ili kila mtu kambini ale bila wasiwasi; kazi yangu mimi ilikuwa kuchuna na kupasua. Ng'ombe walikuja kwa miguu kutoka Usukumani, na kabla ya kuchinjwa walinyweshwa kwenye dimbwi lililokuwa nyuma ya nyumba zetu. Mara nyingi nikipasua ini nilikuta minyoo ndani ya mirija yake, minyoo bapa, kama jani dogo lililonyauka. Pale penye minyoo nilikata nikawatupia mbwa. Palipobaki pazima nilifunga kwenye jani la mgomba, nikampelekea Kabula.

Usicheke. Nilikuwa bwana harusi mpya, na ini lilikuwa haki ya mchunaji. Kila mtu ana namna yake ya kupenda. Wenzangu waliwapelekea wake zao kanga, mimi nilipeleka maini. Na Kabula alikuwa mlaji, alhamdulillahi, akila huku anaimba.

Kitu kingine alichokipenda ni vikonyo vya majani yaliyoota mle dimbwini, vile vyeupe vyenye utamu kwa mbali. Akienda kufua huchuma, akavitafuna vibichi huku anapiga soga na wenzake. Wanawake wote wa kambi walivitafuna, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu akaanza kulalamika maumivu chini ya mbavu za kulia. Mara macho yakageuka rangi. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka kama majivu, na mwili ukamuwasha mpaka akawa anajikuna kwa gunzi la mahindi. Mzee wa mizizi pale kambini akatupa dawa ya kunywa, hakuna kilichobadilika. Mimi, tangu siku ile ya macho, moyo wangu ulikwisha kuniambia: ni yale maini, wewe Masanja, umemlisha mkeo minyoo kwa mkono wako mwenyewe. Nikanyamaza. Mama mkwe alipopata habari alikuja mbio, tukampandisha mgonjwa kwenye lori la pamba mpaka hospitali.

Sasa turudi pale kwenye benchi. Daktari alikuwa Mzungu mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini kinaeleweka.

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Nachimba dhahabu, daktari."

"Hapo mnapokaa kuna ng'ombe? Umeona mnyama mwenye ugonjwa?"

"Hakuna."

"Mkeo hula kitu chochote kibichi?"

"Hakuna, daktari."

Mwanangu, nyinyi wa siku hizi mnataniana na wakwe zenu mpaka mnaazimana simu. Sisi mkwe ulimwogopa. Mimi hata kula mbele ya yule mama sikula. Ningewezaje kufungua kinywa, yeye kakaa hapo, niseme mwanao nimemlisha minyoo? Naye alijua fika kwamba sichimbi dhahabu. Alinitupia jicho, akadhani naionea haya kazi ya bucha, akanisitiri kwa kunyamaza. Basi tukawa wawili tunaheshimiana, na mgonjwa katikati yetu anajikuna.

Daktari akafanya alivyoweza kwa maneno niliyompa. Alisema ini huweza kuvimba kwa homa, na aghalabu hupoa lenyewe mtu akipumzika. Tukangoja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila asubuhi daktari alikuja akanitazama usoni na kuuliza kama kuna jambo tumelisahau, na kila asubuhi nilitazama chini. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Ila wahenga hawakusema kwamba unaweza kuyaficha maradhi ya mwenzio.

Wiki ya nne ikaja homa ya kutetemesha kitanda. Daktari akasema mrija wa nyongo umeziba, hajui kwa nini, ila lazima apasue leo leo. Mama mkwe alikwenda kuchota maji. Mimi nikabaki mlangoni. Daktari alipotoka alikuwa ameshika kibakuli cha bati. Akaniinamishia.

"Umewahi kuona kitu kama hiki?"

Walikuwa watatu, bapa, rangi ya majani makavu.

"Kila siku, daktari," nikasema. "Mimi ni mtu wa bucha." Nikalia, nikamweleza yote, maini na jani la mgomba na mbwa.

Aliketi kwenye ngazi, mtu mzima yule, kachoka. Akasema: "Maini hayana kosa. Mnyoo huu hautoki kwenye nyama. Unatoka kwenye majani ya majini, pale ng'ombe wanapokunywa na kunya. Binadamu huupata kwa nadra sana. Mimi nimeusoma kitabuni tu, sijapata kuuona. Lakini ungeniambia kuna ng'ombe wenye minyoo ya ini, ningekumbuka. Ningempasua wiki ya kwanza."

Ole wangu. Nilikuwa nimeificha hatia ambayo haikuwa yangu, na kwa kuificha nikajitafutia iliyo yangu kweli.

Walimwekea mpira wa kutolea nyongo, ikawa inadondoka chupani. Baada ya siku mbili macho yakaanza kuwa meupe, akaomba uji. Nikamwinamia nikamwambia siri yangu yote.

"Mjinga wewe," akasema, sauti ndogo. "Kumbe umekonda kwa ajili ya maini? Mie nadhani umekonda kwa kunipenda."

Siku ya tano akafariki. Usaha ulikuwa umekwisha kupanda ndani ya ini, na daktari hakuwa na kisu cha kuufuata huko.

Matanga yalipokwisha nilimwendea mama mkwe, nikapiga magoti uwanjani mbele ya watu. Nikasema: "Mayu, mama yangu, siku ile nilidanganya kwa sababu ulikuwapo. Nilidhani nimemuua kwa chakula, nikaogopa hasira yako." Nilitamani anipige.

"Ungesema siku ile," akanijibu, "ningekukasirikia mpaka jioni. Basi. Jioni ningekupikia."

Aliinuka akaingia ndani, na mimi nikabaki pale nimepiga magoti, kijana wa miaka ishirini na ushei, nikijua kwamba nimempoteza mke wangu kwa kuogopa hasira ya mchana mmoja.

Nimezeeka na jambo hilo, mwanangu. Nilioa tena, nikapata watoto, nikapata nyinyi, namshukuru Mungu, lakini majuto ni mjukuu asiyeondoka nyumbani. Kwa hiyo nisikilize. Ukikaa mbele ya daktari mwambie kila kitu: kazi yako, maji unayokunywa, mizizi uliyopewa na jirani, hata lile unalodhani ndilo kosa lako. Wewe hujui lipi lina maana, wala si kazi yako kuchagua. Kama aibu imekushika, mwombe mtoke nje mkaongee wawili. Aibu ikikataa hata hapo, sema huku imekushika hivyo hivyo. Heshima kwa wakwe ni njema na sikwambii uiache, lakini heshima inayomnyima mgonjwa dawa hiyo si heshima, ni woga uliovaa kanzu.

Haya, sogea nikushike kichwa. Mungu akupe ulimi mwepesi pale panapohitajika neno, akulindie wote unaowapenda, na akujalie watu wa kukukasirikia mpaka jioni tu.