Fulana ya Michezo Iliyogeuka Ngata

Mie najua nguo. Nashona, na mteja akiniletea gauni lake kuukuu naweza kumwambia anabeba mtoto upande gani na kama nyumbani kwake kuna mwingine anayeshika ufagio. Kwa hiyo binti yangu aliporudi kutoka shuleni Alhamisi ya tatu mfululizo na fulana ya michezo imejikunja katikati, ina duara la maji, na kwapani haina hata dalili ya jasho, sikuhitaji kuambiwa kitu. Nilihitaji kuvaa viatu tu.

Ila kabla ya viatu, nieleze kwa nini fulana moja ilinipandisha presha.

Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kata hapahapa Chanika. Likizo ya Desemba alirefuka. Sisemi alikua, nasema alirefuka. Alikuwa ananifika begani, shule zinafunguliwa ananitazama kutoka juu. Angekuwa wa kiume mtaa ungempigia makofi. Kwa kuwa ni wa kike, ukampa majina. Mlingoti. Nguzo ya umeme. "Sista, huko juu mvua imeshaanza?" Mtoto akaanza kujikunja. Akitembea, shingo iko mbele kama mtu aliyedondosha sindano. Kwenye picha ya darasa wenzake wote wamesimama, yeye kapiga magoti. Akirudi shule analala, akiamka anakula, akimaliza anarudi kulala, na ukimuuliza kitu anajibu "sijui", hata kama umemuuliza anaitwa nani.

Basi ratiba mpya ikatoka: michezo, Alhamisi, vipindi viwili vya mwisho. Wiki ya kwanza akarudi na macho yamefunguka.

"Mama, wamesema mie nicheze mfungaji kwenye netiboli. Wamesema urefu wangu unafaa."

Hilo neno "unafaa" alilitamka kama mtu aliyeokota kitu njiani na anaogopa mwenyewe atatokea. Siku ileile nikamshonea sketi ya michezo. Wateja wawili niliwaweka pembeni, na mmoja wao alikuwa na harusi Jumamosi.

Halafu na mie nina yangu. Shuleni nilikuwaga bingwa wa kukimbia kipindi cha michezo. Nilikuwa "kwenye siku zangu" mara tatu kwa mwezi, mpaka madamu wa michezo akafungua daftari lake akaniambia, "Binti, kwa mahesabu haya wewe wakakuchunguze hospitali." Nikaketi kivulini nikijiona mjanja. Mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha nne nikazaa, nikakaa kwenye cherehani, na sijanyanyuka mpaka leo. Sijafika hata miaka thelathini na tano, lakini nikiinuka kiuno kinalia kama mlango wa choo, na nikipanda kale kamlima ka kwenda sokoni nasimama katikati najifanya napokea simu. Kwa hiyo lile somo nililolikimbia, nilitaka mwanangu alisome lake na langu.

Ndiyo maana siku hiyo nilimuita, fulana iko mkononi.

"Leo mmecheza?"

"Ndiyo."

"Mmecheza nini?"

"Netiboli."

"Netiboli gani inachezwa na ndoo?"

Nikaizungusha fulana kwa kufuata mikunjo yake yenyewe, nikaiweka kichwani. Ikatulia kama imezaliwa hapo. Ngata! Ngata kamili, ile tunayoweka utosini ndoo isituumize. Nguo niliyoinunua ili mtoto akimbie ilikuwa inabebeshwa maji.

Akanieleza. Shule inajenga maabara, mafundi wanataka maji ya zege, na kisima kiko bondeni. Tangu wiki ya pili, wasichana wa kidato cha pili wanachota maji kipindi cha michezo.

"Na wavulana?"

"Wanacheza mpira."

"Kwa nini?"

"Wana mechi."

"Mechi na nani?"

"Wao kwa wao."

Hapo sasa ndipo nilipovaa viatu.

Hasira yangu ina adabu zake. Ilipiga hodi, ikatoa shikamoo, ikakaa pale ilipoonyeshwa. Ofisini walikuwa wawili. Mmoja makamu mkuu wa shule, mtu mzima wa bara, mpole, anaongea kama hakuna kitu duniani kinachomuwahisha. Mwingine kijana, mwalimu wa Historia, ambaye michezo alikabidhiwa kwa sababu siku ya kuripoti kazini alikuja amevaa raba.

"Karibu, mzazi. Kuna shida?" makamu akaniuliza.

"Ipo, mwalimu. Ratiba inasema michezo, mwanangu anabeba maji."

Akatabasamu. "Sasa mama, michezo lengo lake nini? Viungo. Mtoto akipandisha ndoo kutoka bondeni, shingo inafanya kazi, mgongo unafanya kazi, miguu inafanya kazi. Mpaka pumzi."

"Basi wavulana nao wana viungo."

"Wavulana wana mechi."

"Wao kwa wao!"

Mwalimu wa Historia akakohoa, akainamia madaftari ambayo nina hakika yalikuwa yameshasahihishwa.

"Na hii maabara ni ya watoto wenu wenyewe," makamu akaendelea, na hapo akanibana, maana ni kweli. Nani atasimama apinge maabara? Nikamwambia siipingi. Ninachotaka wachote wote, wavulana na wasichana, nusu ya kwanza ya kipindi. Nusu ya pili wacheze wote.

"Wachezee wapi?" Akanionyesha dirishani. Nguzo mbili za netiboli zilikuwa zimeshikilia turubai la kufunika saruji, na kwenye pete ya goli fundi alikuwa ametundika koti lake. "Halafu mwalimu ninaye huyu mmoja. Akiwa kwa wavulana, wasichana atawasimamia nani?"

"Nitakuja mie."

Nikageuka kuangalia nani kasema. Nyuma yangu kulikuwa na kabati.

"Netiboli unaijua, mzazi?"

"Najua kupiga kelele."

"Kwa kuanzia inatosha," akasema mwalimu wa Historia, bila kuinua kichwa.

Makamu akanipa Alhamisi nne. Maji yakipungua, au ikitokea fujo, wasichana wanarudi kisimani na mie narudi kwenye cherehani changu.

Alhamisi ya kwanza nilifika na traksuti niliyojishonea mwenyewe, nzuri kuliko mwili uliokuwa ndani yake. Wasichana thelathini na nane wakanipima kwa macho. Mwalimu akasema tuanze na mchakamchaka, tuzunguke uwanja mara mbili, msimamizi atangulie. Nikatangulia. Robo ya kwanza nilikuwa naimbisha. Robo ya pili naitikia. Robo ya tatu nasikiliza tu. Baada ya hapo wimbo ukanipita, wasichana wakanipita, na mbuzi mmoja aliyekuwa anakatiza uwanja akanipita, naye alikuwa anatembea.

"Anti, kaa chini!"

"Msimkalishe, atakakamaa! Mtembezeni!"

"Nani ana maji?"

"Ndoo hizo si za wavulana? Hakuna kitu mle."

Na kweli hakukuwa na kitu. Nusu ya kwanza walichota wote, ila wavulana walikuwa wamekataa kubeba kichwani, eti kichwani ni kwa wanawake. Walibeba mkononi, ndoo inapiga goti, maji yanaosha njia nzima. Fundi aliichungulia ndoo ya kwanza akauliza, "Haya ndiyo maji au mmetumwa salamu?" Binti yangu, kwa aibu ya mama yake, alikuwa amejificha nyuma ya wenzake. Kujificha gani! Kichwa chote kilikuwa juu yao.

Alhamisi ya pili makamu alikuja kuchungulia mapipa. "Yamepungua, mzazi," akasema kwa upole wake ule unaouma. Nikawaendea wavulana. Sikuwabembeleza. Niliwaambia mkibeba hivi mtashuka bondeni mara tano, mkibeba kichwani mara mbili, na mpira mtauchezea nguo zikiwa kavu. Chagueni. Nahodha wao akavua fulana, akaizungusha, ikafumuka. Akazungusha tena, ikafumuka. Mwishowe akamwendea binti mmoja wa darasa lake akamwambia kwa sauti ya chini, "We, nifundishe, ila usicheke." Alicheka. Wote walicheka. Ila wiki ya tatu mapipa yalikuwa yanafurika, na yule nahodha alishuka na kupanda ameachia mikono yote miwili, anatembea kwa maringo utadhani anaolewa.

Nyumbani nako mambo yakaanza kubadilika, sikuyategemea. Binti akirudi halali tena mchana. Anakula, anatoa madaftari, usiku analala usingizi wa mtu aliyechoka kihalali, asubuhi simuamshi kwa kelele. Na anaongea. Wakati namkatia mtu kitambaa cha suti, ananisimulia nani katoa pasi mbovu na nani anaogopa mpira. Hata kiuno changu kimepunguza malalamiko, ingawa kule sokoni bado "simu" inaingia palepale.

Alhamisi ya nne, ya hukumu, tulicheza na kidato cha tatu. Fundi alikubali kuhamisha koti lake na turubai lake. Makamu alileta kiti, akaketi mikono kifuani.

Kwa muda wote wa mwanzo binti yangu alisimama chini ya goli amejikunja vilevile. Pasi ya kwanza ikampita juu. Ya pili ikampiga utosini. Kijana mmoja pembeni akapiga kelele, "Nguzo, inama zaidi, ndege inapita!" Nikaanza kukunja mikono ya traksuti nimwendee, fujo na iwe fujo. Sijapiga hata hatua tatu, pasi nyingine ikaja, juu kweli, mpira wa kupotea. Mtoto akanyooka. Nilidhani urefu wake nimeuzoea, kumbe mwingine alikuwa ameuweka akiba. Akaudaka pale ambapo mikono ya kidato cha tatu ilikuwa inapunga hewa, akageuka, akautia kwenye pete kama anayerudisha sufuria kwenye rafu. Akafunga la pili. Akafunga la tatu. Yule kijana akahamia upande mwingine wa uwanja, mwenyewe, kwa miguu yake.

Tulikuwa nyuma kwa goli moja mwalimu wa Historia alipopuliza filimbi. "Umetembea na mpira!"

"Sijatembea."

Nikatafuta nani kamjibu mwalimu. Alikuwa wangu.

"Umetembea, nimeona."

"Mwalimu, mguu niliotua nao niliunyanyua, sikuurudisha chini. Kuunyanyua inaruhusiwa. Wewe mwenyewe ulitufundisha, Alhamisi iliyopita, pale." Akaonyesha na mahali penyewe.

"Toka nje dakika mbili!"

Akatoka. Akasimama nje ya mstari, mgongo umenyooka, kidole kimenyooka, anaendelea kumsomea mwamuzi hoja ya pili.

Makamu akanisogelea. "Mzazi, huyu darasani si huwa haongei?"

"Alikuwa haongei, mwalimu."

Akaishusha ile mikono kifuani. "Basi Alhamisi iendelee hivihivi. Tukiwarudisha kisimani, huyu atatushtaki mpaka wilayani. Lakini nenda kamtulize, wewe ndiye msimamizi."

Nikaenda. Nikamwambia mwalimu akishapuliza filimbi, kashapuliza, afunge mdomo. Akanitazama kutoka juu, bila kupinda hata kidogo.

"Mama, na wewe sheria za netiboli huzijui."

Ni kweli, sizijui.