Likizo Niliyomfungulia Kastamu

Chumba cha Shangazi Ajambo kilinuka mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani ambao wenzetu wa upande wa Kenya huwaita omena. Asubuhi, kabla jua halijapasha bati, harufu hiyo ilizidiwa na ile ya maji ya dawa niliyofulia vitambaa vyake. Kufikia saa sita mchana, vumbi la malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani likiwa limeingia hadi ndani ya chandarua, mukene walishinda. Kulikuwa na harufu nyingine pia, ambayo hakuna aliyeitaja. Ilitoka kwenye mwili wake. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na nilijifunza kuvuta pumzi kwa mdomo kila nilipoingia, mpaka ikawa mazoea, mpaka hata leo nikiingia chumba cha mgonjwa mdomo wangu hufunguka wenyewe.

Baba alinileta Busia mjini kutoka kwetu Sikuda siku chache baada ya shule kufungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Shangazi alikuwa dada yake mkubwa. Hakubahatika kupata mtoto, na mume alikuwa ameondoka zamani, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumgeuza kitandani. Kwa miaka mingi alikuwa akivuka mpaka kwa miguu, mara sita, mara nane kwa siku, kichwani mchele, sukari, mafuta ya kula, chochote ambacho bei yake upande mmoja ilikuwa nzuri kuliko upande wa pili. Watu walisema ana miguu ya chuma. Halafu akaanza kutokwa na damu isiyo ya mwezi, naye akanyamaza nayo muda mrefu, kwani siri ya mtungi aijuaye ni kata. Alipokwenda hospitali, ugonjwa wa kizazi ulikuwa umekwisha kwenda mbali. Walimrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu. Njiani, juu ya baiskeli, Baba aliniambia kazi yangu ni kumpa uji, kumgeuza na kutomwuliza maswali.

Kastamu alikuwa paka wake. Shangazi alimwokota kwenye marobota ya mitumba akiwa mdogo kama kiganja, akampa jina hilo la watu wa forodha kwa sababu, alisema, hakuna kitu kinachopita mlangoni pake bila yeye kukinusa. Alikuwa wa rangi ya majivu, na sikio moja limechanika. Hakunipenda. Lakini kila alasiri aliingia kwa dirisha dogo lililokuwa juu ya kitanda, akashuka kwa hatua za polepole, akajilaza kwenye tumbo la chini la shangazi, pale pale penye maumivu, na kuanza kunguruma. Shangazi alifumba macho. Ulikuwa ndio wakati pekee wa siku ambapo vidole vyake viliachia shuka. Nilikuwa nimempaka mafuta, nimemkanda kwa maji ya moto, nimemwombea kama nilivyofundishwa kanisani, na hakuna nililofanya lililomfaa kama uzito wa yule paka.

Katika ploti ile ya wapangaji kulikuwa na vyumba vinane vilivyotazamana, na katika chumba cha mwisho karibu na bomba la maji alikaa Mama Wandera, mjane aliyefuga kuku wa nyama. Alinunua vifaranga wa siku moja, akawalea kwenye banda la mabati na wavu, na walipokomaa aliwauza kwa wachoma kuku wa barabarani. Wanawe wanne walisomeshwa na banda hilo. Katika wiki yangu ya pili vifaranga wakaanza kutoweka, mmoja leo, wawili kesho, wakiacha manyoya na doa la damu kwenye maranda. Mama Wandera akaja mlangoni kwetu. Hakuingia, nadhani ni ile harufu. Alisimama na mikono nyuma, akazungumza kwa sauti ya chini ya mtu anayeheshimu mgonjwa.

"Ajambo, pole na ugonjwa," alisema. "Mimi nakuja na heshima. Hii paka yako imekula kuku yangu tano. Mimi sina bwana, sina shamba. Kama inakuja tena, mimi naweka dawa kwa nyama. Nimekuambia mapema, usiseme kesho sikukuambia."

Shangazi alijibu kutoka kitandani kwamba amesikia. Alimshukuru hata. Nilimchukia Mama Wandera siku hiyo kwa chuki kamili ya mtoto, lakini leo sioni kosa katika maneno yake. Alikuwa na haki ya kuwalinda kuku wake, na alitoa onyo, jambo ambalo wengi hawalifanyi.

Jumapili Baba alipokuja na mihogo kutoka nyumbani, nilimweleza. Hakufikiri sana. Alitafuta kipande cha wavu na misumari, akaliziba lile dirisha, akaniagiza mlango ufungwe wakati wote na paka apewe boksi la mchanga. "Akikaa ndani ataishi," alisema. "Afadhali paka mwenye hasira kuliko paka aliyekufa." Shangazi aligeuzia uso wake ukutani wakati nyundo ikigonga. Hakuna aliyemwuliza anataka nini. Wanasema mgonjwa haulizwi uji, yaani humwulizi kama anataka, unampelekea tu. Lakini nimewahi kujiuliza kama methali hiyo haikutungwa na wenye afya.

Kastamu hakujua kufungiwa. Siku ya kwanza alilia tu. Siku ya pili alikwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu. Akakojoa chini ya kitanda, akakataa mchanga, akakataa mukene. Lililo baya zaidi, aliacha kulala juu ya shangazi. Alikaa kwenye kabati ameukazia macho ule wavu, mgongo wake kwetu, na kila saa chache alitoa sauti ndefu kama ya mtoto anayeitwa na mtu asiyemwona. Shangazi alilala akiisikiliza. Bila ule uzito tumboni maumivu yake yaliongezeka, au labda ugonjwa ulikuwa umefika pale ulipokuwa ukienda tangu mwanzo. Vidonge alivyopaswa kumeza viwili akameza vitatu.

Siku ya tano aliniita. "Nafula, mfungulie."

Nikamwambia kuna sumu. Akasema anajua. Nikamwambia Baba amekataa. Akasema Baba ni mdogo wake, alimbeba mgongoni. Nikatoa wazo ambalo nilikuwa nimelilea siku mbili: Jumapili Baba amchukue kwenye gunia, ampeleke Sikuda kwenye ghala la mahindi, kule hakuna kuku wa kisasa, atakula panya na kuzurura apendavyo. Nilidhani atafurahi.

"Akienda Sikuda," akasema, "mimi nitamwona lini?"

Ndipo akalia, mara ya kwanza mbele yangu, bila sauti, machozi yakiteremka pembeni kuelekea masikioni kwa sababu alikuwa chali. Akasema, "Humu ndani mfungwa mmoja anatosha, mwanangu." Hata hivyo sikufungua. Niliogopa. Nilitoka nikaketi kwenye kizingiti, nikaufunga mlango nyuma yangu, nikawasikiliza wote wawili.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nachota maji pale bombani nikamsikia Mama Wandera akimlalamikia mteja wake. Vifaranga wawili zaidi walikuwa wametoweka, mmoja juzi na mwingine jana. Nilisimama pale ndoo ikijaa na kumwagika miguuni pangu. Juzi na jana Kastamu alikuwa juu ya kabati. Kumbe si yeye! Hakuwa yeye tangu mwanzo. Alikuwa kicheche au mnyama mwingine wa vichakani, na Kastamu alifungwa kwa makosa ya mwingine. Niliacha ndoo. Nilikimbia nikamwambia shangazi, naye akacheka, kicheko kilichomwumiza, akashika tumbo huku akicheka. Sikungoja aseme. Nilifungua mlango, Kastamu akapita katikati ya miguu yangu kama maji.

Sikumwendea Mama Wandera kwanza. Jambo hili nimeligeuza kichwani miaka yote hii. Ilikuwa hatua ishirini kutoka mlango hadi mlango. Ningeweza kumwambia kwamba paka wetu hana hatia, na kwamba nimemfungulia. Lakini niliporudi kuchukua ndoo alikuwa ameshatoka kwenda sokoni, na mimi nilikuwa nimejaa ushindi, nikasema nitamwambia akirudi, na nitamwambia kwa sauti ambayo ploti nzima itasikia. Nilipanga hata maneno. Sikujua kwamba yeye pia alikuwa amefikia hitimisho nililofikia mimi. Alijua si paka. Alikuwa amepaka utumbo wa kuku sumu na kuuweka nyuma ya banda, kwa ajili ya huyo kicheche, akiwa na amani moyoni kwa sababu alijua paka wa Ajambo amefungwa ndani.

Nilimkuta Kastamu mchana nyuma ya choo, kwenye majani ya maboga. Alikuwa bado hai. Miguu ilikuwa ikipiga kana kwamba anakimbia, na povu limemjaa mdomoni. Nilimwita jina lake. Nilikuwa sijawahi kumgusa bila kukwaruzwa. Safari hii niliweka mkono shingoni mwake naye hakufanya lolote. Mama Wandera alitokea na kapu lake la sokoni, akaniona, akalitua kapu. Akasema kwa sauti ndogo, "Nani amefungua?" Nikasema ni mimi. Alichuchumaa kando yangu mpaka paka akakata roho, kisha akaenda kuchukua jembe.

Tulimzika pale pale. Nilitaka kulia, lakini msiba wa kujitakia hauna kilio, na isitoshe shangazi angesikia. Mama Wandera alinawa mikono, akaninawisha na mimi kama mtoto mdogo, akaniambia, "Usimwambie. Amebaki na siku ngapi? Usimwambie." Tangu siku hiyo alianza kuingia chumbani. Harufu haikumzuia tena. Alimwosha shangazi, akamsuka nywele, akamletea supu ya kuku na kumnywesha kwa kijiko. Shangazi alishangaa, akaniambia watu hubadilika.

Kila jioni shangazi aliuliza, "Amekuja?" Nami nikasema amekuja ukiwa umelala, shangazi, amekula, ametoka tena, siku hizi anapenda kuzurura kwa kuwa alifungwa. Ili maneno yangu yawe na ushahidi, bakuli la Kastamu lilibidi liwe tupu. Kuwamwaga mukene nje sikuweza, kwa sababu kuku na bata wa jirani wangewagombania chini ya mlango na yeye angesikia. Kwa hiyo niliwala mwenyewe. Niligeuka ukutani nikawatafuna, vichwa na vyote, bila chumvi, siku baada ya siku. Nilifanya hivyo kwa karibu wiki tatu. Shangazi alikuwa amebaki mifupa na macho. Nilipomgeuza hakuwa mzito kuliko gunia la magunzi.

Siku moja nilimwinamia ili nimpitishie mkono chini ya mgongo, uso wangu ukawa karibu na wake.

"Nafula," akasema, "mdomo wako unanuka mukene."

Nilibaki nimeinama. Sikuweza kumgeuza, sikuweza kumlaza. Yeye ndiye aliyeinua mkono, akanifuta midomo kwa kona ya shuka, taratibu, akaniambia nimgeuze upande wa mlangoni. Lakini jioni iliyofuata aliuliza kama kawaida, "Amekuja?" Nikasema amekuja, shangazi. Akasema, "Vizuri." Akauliza hivyo kila jioni mpaka hakuweza tena kuuliza. Alifariki wiki ya mwisho ya likizo, Mama Wandera akiwa ameshika miguu yake, ile miguu ya chuma, ambayo mtu angeweza kuizungushia vidole viwili. Tulimpeleka Sikuda tukamzika. Shule ilipofunguliwa mwalimu alituambia tuandike tulichofanya likizoni. Niliandika kwamba nilimtembelea shangazi yangu mjini.

Sasa naishi upande wa pili wa mpaka, Busia ya Kenya, kwenye nyumba ya ghorofa yenye vyuma madirishani. Ile ploti ilibomolewa, pamekuwa maegesho ya malori. Dawa za maumivu makali, zile ambazo zingemtuliza shangazi, siku hizi mgonjwa akibahatika huzipata, na wasichana wa umri wa binti yangu huchanjwa shuleni dhidi ya saratani iliyomwua. Mengi yamekuwa rahisi. Binti yangu ana paka wa manjano ambaye amechanjwa na ana kadi yake, na tangu aletwe hajakanyaga ardhi. Mume wangu husema paka si kochi, umwache atoke. Mimi husema barabara ina pikipiki nyingi. Nimelisema hilo mara nyingi kiasi kwamba kila mtu nyumbani analiamini.

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka dukani nikakuta mlango uko wazi na binti yangu ameketi kwenye ngazi. Alikuwa amemfungulia. Alisema paka alikuwa akilia, akamhurumia. Nilishuka ghorofa zote nne, nikatafuta chini ya magari, nyuma ya mapipa ya taka, kwenye mtaro, nikiwauliza wapita njia kama mwendawazimu. Niliporudi juu nilikuta paka ameshafika kabla yangu, amejilaza mlangoni, anajiramba mguu, mzima. Nilimpiga binti yangu kofi. Sijawahi kumpiga tangu azaliwe. Aliushika uso wake, akamtazama paka, akanitazama mimi. Hakulia.

"Mama," akasema, "si amerudi?"

Nilisimama pale na ufunguo mkononi, mlango ukiwa bado wazi.